Mjusi Hapashwi Joto, Anaota Jua: Uhakiki wa Seti ya Kuanzia

Picha iliingia WhatsApp saa tano usiku, mimi niko Dar, nimeshajilaza. Tangi la kioo, mchanga mweupe, mnazi wa plastiki, taa mbili juu, na katikati mjusi mdogo wa rangi ya udongo, mdomo wazi. Mpwa wangu wa miaka 11, anayeishi na mama yake Minneapolis, alikuwa ameandika chini yake: "Mjomba, ona Babu anavyocheka."

Babu ni jina la mjusi. Ni wa aina inayopendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani: mjusi mwenye ndevu wa Australia, kitaalamu Pogona vitticeps. Ndevu zenyewe si nywele. Ni ngozi ya koo yenye vimiiba, ambayo hufura na kuwa nyeusi akikasirika au akitaka kumtisha mwenzake. Mama yangu, aliyeko Mwanza, alipolisikia jina hilo alisema babu hawekwi kwenye tangi. Tukacheka wote.

Siku ya tatu ikaja picha nyingine, mdomo bado wazi. Wiki iliyofuata Babu alikuwa amejibanza kwenye kona ya mbali na taa, anakwaruza kioo. Chakula hagusi. Hapo hakuna aliyecheka tena. Dada yangu akaandika ujumbe ambao kila anayesoma biolojia ameshaupata kwa namna fulani: "Wewe si ndiye msomi wa wanyama? Haya tuambie."

Basi nikamwomba anipigie picha kila kilichokuja ndani ya boksi, pamoja na kipeperushi cha maelekezo. Nilivisoma kama mtu anavyosoma kitabu cha kuhakiki, kwa sababu seti ya namna hii ni kama kitabu: inakwambia mnyama huyu ni nani na anahitaji nini. Sitaitaja kampuni. Nimeangalia seti nyingine kadhaa tangu siku hiyo, na zote zinasimulia hadithi ileile.

Hoja yangu ni moja, niiweke hapa mapema. Seti hii imejengwa juu ya wazo kwamba mjusi ni kitu cha kupashwa joto, kama wali wa jana. Sasa, Kiswahili kina kitenzi ambacho kingemwokoa aliyeitengeneza: kuota. Tunaota jua, tunaota moto. Anayeota ndiye mtendaji. Anasogea, anageuka, anaondoka akitosheka. Wali haufanyi hivyo. Mjusi hufanya hivyo mchana kutwa, na nyumba yoyote isiyompa nafasi ya kufanya hivyo, hata kama namba kwenye kipimajoto ni sahihi, ni nyumba mbovu.

Kilichomo ndani ya boksi

Tangi lina urefu wa sentimita 75 hivi, upana 30 na kimo 30. Kuna taa ya kawaida ya joto, taa nyekundu ya usiku, balbu ndogo ya kujisokota inayotoa miale ya urujuanimno, jiwe la plastiki lenye waya wa umeme ndani, mfuko wa mchanga wa kalsiamu, kipimajoto cha kubandika kwenye kioo, na ule mnazi.

Kipeperushi ni ukurasa mmoja. Nikikifupisha kwa Kiswahili kinasema hivi: weka tangi kati ya nyuzi 95 na 105. Usiku tumia taa nyekundu, mjusi haoni rangi hiyo. Jiwe la joto humsaidia kumeng'enya chakula. Mchanga ni salama hata akiumeza. Tangi linamfaa mdogo na mkubwa.

Nyuzi hizo ni za Farenhaiti, za Marekani. Kwa Selsiasi ni kama 35 hadi 41. Dada yangu alifanya hesabu hiyo kwa uangalifu, akarekebisha taa mpaka mshale wa kipimajoto ukatulia katikati. Yaani alitii. Hili nataka ulikumbuke unaposoma yanayofuata: matatizo ya Babu hayakutoka kwa mtu mzembe. Yalitoka kwa mtu aliyefuata maelekezo.

Tuwe waungwana, seti ina sifa zake. Inakubali kwamba mjusi huyu anahitaji joto na urujuanimno, vitu viwili tofauti, na si kila muuzaji anakubali hata hilo. Inamwezesha mtu asiyejua chochote kuanza siku hiyohiyo. Na bei yake inafikika. Sifa hizo ni za kweli, ila zote zinamhusu mnunuzi.

Namba moja haitoshi

Shuleni tulifundishwa kwamba reptilia ni wanyama wa "damu baridi". Neno hilo limeleta hasara kubwa. Mjusi mwenye ndevu akiwa katika hali yake nzuri mchana, mwili wake uko karibu nyuzi 35, chini kidogo tu ya mwili wako unaposoma hapa. Tofauti iko kwenye chanzo: wewe unazalisha joto lako ndani kwa kuchoma chakula, yeye analitafuta nje.

Kwa muda mrefu wengi walidhani mwili wa mjusi hufuata tu hali ya hewa inayomzunguka. Mwaka 1944 Wamarekani wawili, Raymond Cowles na Charles Bogert, walichapisha kazi yao kuhusu reptilia wa jangwani, na ikabadilisha mtazamo huo. Walionyesha kwamba mijusi wanaopewa nafasi ya kuchagua huushikilia mwili wao ndani ya kiwango chembamba cha joto, kwa kusogea tu: juani, kivulini, juu ya jiwe, chini ya jiwe. Mwendo wao ndio mtambo wao wa kurekebisha joto.

Na si miguu pekee inayofanya kazi hiyo. Mwaka 1963 George Bartholomew na Vance Tucker walipima mjusi mwingine wa Australia mwenye ndevu, ndugu wa karibu wa Babu. Waligundua kwamba moyo wake hupiga haraka zaidi anapopata joto kuliko anapopoa, hata mwili ukiwa kwenye nyuzi zilezile. Maana yake, akiota jua anaisukuma damu ikusanye joto upesi. Akiondoka juani anaibana ili joto lisimtoke. Hata ngozi inashiriki. Mijusi wa aina ya Babu huwa na mgongo mweusi zaidi wakiwa na baridi, na mweupe zaidi wakishapata joto. Kama shati, kasoro yeye hahitaji kulivua.

Sasa mchukue mnyama mwenye ufundi wote huo, umweke kwenye boksi la sentimita 75 lenye taa kali juu. Boksi zima linachemka. Upande wa joto ni joto, na upande wa baridi ni joto. Dada alipopata kipimajoto cha bunduki, kile cha infraredi unachokielekeza kwenye kitu kikakupa joto la uso wake, tuliona mchanga chini ya taa uko nyuzi 49. Kona ya mbali kabisa ilikuwa 36. Kipimajoto cha kubandika kilikuwa kinasema 38, kwa amani kabisa. Hakikudanganya. Kilipima hewa ya pale kilipobandikwa, karibu na kioo, mahali ambapo mjusi hakai.

Ndipo "kicheko" kikaeleweka. Mjusi huyu akifika ukingoni mwa joto analolimudu hufungua mdomo ili apooze kichwa, kwa unyevu unaokauka kinywani. Ukimwona amepanua mdomo dakika chache chini ya taa yake halafu akaondoka, hakuna neno, ameshiba joto. Ukimwona ameupanua mchana kutwa, tena kwenye kona ya mbali zaidi na taa, anakwambia hana pa kwenda.

Daktari aliyeko kuku-bandani

Lakini si mimi niliyegundua kwanza. Ni mama yangu. Mama hajasoma zoolojia, anafuga kuku. Dada alipomwonyesha Babu kwa simu ya video, aliangalia kidogo akauliza, "Mbona kaikimbia taa?" Tukamweleza kwamba kipimajoto kiko sawa. Akasema: "Vifaranga wakiikimbia taa, mimi simwulizi kipimajoto. Naipandisha taa."

Aliyewahi kulea vifaranga anajua anachosema. Wakirundikana chini ya taa, wana baridi. Wakijitupa pembeni mwa bruda, mabawa yamelegea, midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wanakula na kulala popote, umepatia. Mfugaji anasoma wanyama, kisha anarekebisha kifaa. Kipeperushi cha dukani kinafundisha kinyume: soma kifaa, halafu shangaa kwa nini mnyama hana raha.

Kwa uhakiki huu wote, nadhani hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Makosa mengine yanatoka humohumo.

Dawa iliyofungiwa nje

Huenda unajiuliza, je, akikaa kwenye nyuzi 36 siku nzima, ambazo ni karibu na zile anazozipenda, ana tatizo gani? Ana tatizo kwa sababu mahitaji yake hubadilika. Akishakula anataka joto ili chakula kisagike. Usiku anataka kupoa. Akiumwa, anataka kitu kingine kabisa.

Kuna utafiti ninaoupenda sana kuhusu jambo hili. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliwadunga bakteria igwana wa jangwani, mjusi wa familia nyingine na Babu lakini mwenye tabia hiyohiyo ya kuota jua. Mijusi hawa hawawezi kupandisha homa kutoka ndani kama sisi. Walichofanya ni kutembea. Walihamia sehemu yenye joto zaidi ya kawaida yao, wakakaa huko, mwili ukapanda. Homa kwa miguu! Mwaka uliofuata Matthew Kluger na wenzake waliuliza swali la pili: je, homa hiyo inasaidia? Wakawaweka mijusi waliodungwa bakteria kwenye nyuzi mbalimbali zilizofungwa, bila uchaguzi. Waliowekwa kwenye joto la chini walikufa kwa wingi kuliko waliopewa joto la homa.

Fikiria maana yake kwa boksi la namba moja. Hata namba hiyo ingekuwa ndiyo bora kuliko zote kwa mjusi mzima, bado umemnyang'anya mjusi mgonjwa dawa yake ya kwanza. Mteremko wa joto, yaani upande mmoja wa moto unaoshuka polepole hadi upande wa baridi, ni sehemu ya afya yake. Wauzaji wanautaja kama pambo la hiari.

Jiwe la umeme, taa nyekundu, mchanga

Haya matatu nitayapita haraka.

Jiwe la umeme linapasha tumbo. Mjusi huyu anategemea jua, anatarajia joto lije kwa mwanga kutoka juu, ligonge mgongo. Kwenye asili mawe hupata moto kwa sababu jua linawaka, na jua likizama mawe hupoa. Jiwe lenye waya halijui mchana wala usiku, na likiharibika linaweza kumuunguza tumbo akiwa amelilalia. Litoe.

Taa nyekundu: si kweli kwamba haioni. Mijusi hawa wana macho ya mchana yanayoona rangi vizuri, nyekundu ikiwemo. Ukimwachia usiku kucha unamharibia usingizi, na usingizi wake si mzaha. Mwaka 2016 maabara moja ya Frankfurt ilipima ubongo wa mijusi wa aina hiihii wakiwa wamelala, ikakuta vipindi viwili vinavyopokezana, kimojawapo kikifanana na kile ambacho kwa binadamu huambatana na ndoto. Kama Babu naye anaota ndoto pamoja na kuota jua, sijui. Anahitaji giza tu. Nyumba yenye nyuzi 18 au 20 usiku inamtosha. Bara la ndani la Australia nako usiku ni baridi. Nyumba ikishuka sana chini ya hapo, kuna vifaa vya kauri vinavyotoa joto bila mwanga.

Mchanga wa kalsiamu unauzwa kama chakula na sakafu kwa pamoja. Mjusi mchanga huula pamoja na nyenje anazozikimbiza, na unaweza kumziba utumbo, hasa kama hana maji ya kutosha au joto la kusagia chakula. Isitoshe, huyu si mnyama wa matuta ya mchanga mweupe. Kwao ni nchi kavu ya vichaka na miti iliyotawanyika, udongo mgumu mwekundu, na mara nyingi huonekana juu ya magogo na nguzo za uzio. Anapanda. Mnazi wa plastiki hapandi mtu, wala mjusi.

Jua la dirishani

Hili ndilo lililokaribia kumuua Babu, na nalisimulia kwa aibu kidogo, kwa sababu awali sote tulilikosea.

Balbu ya urujuanimno iliyokuja na seti ilikuwa juu ya wavu mzito, sentimita 30 kutoka mgongo wa mjusi. Balbu ndogo za kujisokota mwanga wake wa maana huishia karibu, na wavu wenyewe unazuia sehemu kubwa. Dada, kwa akili ya mtu aliyekulia Mwanza, aliongeza jambo lililoonekana la busara: alilisogeza tangi dirishani. Jua si jua? Nami nilipoona picha nikasema sawa.

Si sawa. Mjusi hutengeneza vitamini D3 ngozini. Miale ya urujuanimno ya kundi B, ile yenye urefu wa wimbi chini ya nanomita 315, huigonga kemikali ya ngozini ya jamii ya kolesteroli na kuibadilisha. Kisha joto la mwili humalizia kazi na kuigeuza kuwa D3. Ona hapo: mwanga na joto vinashirikiana katika hatua mbili za kiwanda kimoja. Ndiyo maana taa hizo mbili lazima ziwe upande mmoja, juu ya mahali anapoota. Bila D3, kalsiamu iliyo kwenye chakula haiingii mwilini vya kutosha, na mwili unaanza kuikopa kutoka kwenye mifupa.

Kioo cha kawaida cha dirisha kinapitisha mwanga tunaouona na kinaizuia karibu miale yote ya kundi B. Kwa hiyo Babu alikuwa anaoshwa na jua la Minnesota lisilo na kitu alichokihitaji. Tena kioo kikipigwa na jua moja kwa moja hugeuka tanuri, baridi ya Januari iwe nje namna gani.

Wapo wanaosema tatizo hilo linatatuliwa kwa unga wa vitamini juu ya chakula. Unasaidia, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwa watoto wa aina hiihii ya mjusi ulionyesha kwamba waliopata urujuanimno walikuwa na D3 nyingi zaidi sana kwenye damu kuliko waliopewa ya mdomoni peke yake. Kunyunyiza hakumpi mjusi uchaguzi. Mwanga unampa: anakaa juani au anaondoka.

Wiki ya saba mpwa wangu aliona vidole vya Babu vinatetemeka. Alidhani ana baridi. Daktari wa wanyama anayewajua reptilia alipomgusa taya aliona limelegea, akapiga eksirei, mifupa ikaonekana myembamba. Ni ndugu wa matege tunayoyajua kwa watoto. Alipewa kalsiamu kwa njia ya kitabibu na dada akaambiwa abadilishe nyumba siku ileile. Kama mjusi wako anatetemeka, taya limevimba au hawezi kuinua tumbo, usisome makala. Mpeleke kwa daktari.

Nyumba ninayoipendekeza

Mhakiki asiyesema angetaka nini anachosha, kwa hiyo hii hapa, pamoja na sababu zake.

Ukubwa: kwa mjusi mkubwa, ambaye na mkia wake hufika nusu mita, anza na urefu wa sentimita 120, upana 60, kimo 60. Sababu si huruma peke yake, ni fizikia. Kwenye boksi fupi huwezi kuweka moto na baridi pamoja. Taa inashinda kila kona. Urefu ndio unaotengeneza mteremko.

Joto: taa nyeupe yenye mwanga mkali, upande mmoja, juu ya gogo au jiwe bapa pana kiasi cha kumbeba mwili mzima. Uso wa jiwe hilo uwe nyuzi 38 hadi 42. Hewa ya upande wa pili iwe 22 hadi 27. Pima kwa bunduki ya infraredi pale mgongo wake unapokaa, na kwa kipimajoto chenye waya upande wa baridi. Joto likizidi, pandisha taa au tumia swichi ya kupunguza mwanga. Mama yangu alishasema.

Urujuanimno: taa ndefu ya mrija, inayofunika kama nusu ya urefu wa tangi, upande uleule wa moto. Gary Ferguson na wenzake walipima urujuanimno ambao reptilia hujianika wenyewe porini, wakawagawa katika kanda nne, kuanzia wapenda kivuli hadi wapenda jua la adhuhuri. Mjusi wetu yuko kwa wapenda jua. Mahali anapoota, kipimo cha 3 hadi 5 kwenye fahirisi ya urujuanimno kinatosha, na upande wa pili kishuke hadi sifuri. Kumbuka kwamba taa hizi huchoka kimyakimya: bado zinawaka, miale imekwisha. Zibadilishwe kwa muda uliotajwa na mtengenezaji, au zipimwe.

Saa: mwanga saa 12 hadi 14, kisha giza kabisa. Sakafu: vigae au udongo ulioshindiliwa. Kila upande uwe na pa kujificha, ili asilazimike kuchagua kati ya usalama na joto.

Halafu mwangalie. Asubuhi anapanda kwenye gogo, mgongo mweusi, anajitandaza. Baada ya muda rangi inapauka, anashuka, anakula, anazunguka, anarudi. Ukiuona mzunguko huo, nyumba inafanya kazi. Usipouona, namba zako zote ni mapambo.

Pingamizi mbili

Ya kwanza: "Huyu amezaliwa dukani, Australia ataijulia wapi?" Ni kweli kwamba hajaiona. Australia hairuhusu kuuza nje mijusi wake hai kibiashara, kwa hiyo wanaouzwa Marekani na Ulaya wamezaliwa kwenye vizimba, kizazi baada ya kizazi. Lakini vizazi hivyo vimechaguliwa kwa rangi na upole. Hakuna aliyewachagua kwa uwezo wa kutengeneza D3 bila mwanga. Ini, ngozi na moyo ni vilevile.

Ya pili ni nzito zaidi: gharama. Nyumba niliyoieleza inazidi bei ya seti mara kadhaa, na mjusi mwenyewe ndiye kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Sina jibu la kufurahisha. Ila dada aliishia kununua seti, kisha kununua nyumba, kisha kumlipa daktari. Seti ya bei nafuu ilikuwa ndiyo ghali. Kama fedha ya nyumba haipo, jibu la uaminifu ni kutomchukua mnyama, na kipeperushi hakiwezi kusema hivyo kwa sababu kipo kwa ajili ya kuuza.

Na sisi je?

Ningependa kumalizia kwa kuwalaumu wauzaji, lakini ukweli unaniuma. Sisi tunaoandika sayansi kwa watu tunafanya jambo lilelile. Tunajua msomaji anataka namba, tunampa namba. Glasi nane za maji. Saa nane za usingizi. Nyuzi 95 hadi 105. Namba inashikika, inaingia kwenye ukurasa mmoja. Sababu yake ni ndefu, tunaiacha nje. Kisha mtu makini, kama dada yangu, anaitii namba bila sababu yake, na hana kitu cha kumwambia lini aiache. Angepewa sentensi moja tu, "mpe pa moto na pa baridi, halafu uone anachagua wapi", angegundua kosa siku ya kwanza.

Babu yupo. Mguu mmoja wa nyuma umebaki na mkunjo mdogo, na daktari amesema hautanyooka. Anakula. Mpwa wangu ameacha kunitumia picha za mdomo wazi. Siku hizi anaandika kwenye daftari saa ambayo Babu anapanda gogoni na saa anayoshuka. Ameanza kuniuliza maswali ambayo sina majibu yake, na hiyo ndiyo dalili nzuri.

Nawe uliye Mwanza, au popote penye mawe makubwa, huhitaji tangi. Toka nje saa mbili asubuhi umtazame yule mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, anayepiga pushapu juu ya jiwe. Ni wa familia moja na Babu. Tazama anavyogeuza ubavu kulielekea jua, anavyohamia kivulini kabla jiwe halijawaka, anavyorudi jioni. Mwache hapohapo alipo. Nyumba yake tayari ina mteremko.